HOMONI NA ASKARI WA MWILI: juu ya nini deksa inafungulia magonjwa mulango



Mu namba hii tunataka kueleza jambo moja la biolojia lenye kutembea mu muji wetu bila jina lake. Kila mutu wa Lubumbashi alishakutana na vidonge vya kunenepesha na mafuta ya kugeuza ngozi nyeupe. Vinauzwa mu soko na mu vibanda vya dawa, mara nyingi plaketi moja moja, bila karatasi ya maelezo. Mutu anauliza: "Yaya, we unakula nini? Uko muzuri hivi!" Mwengine anajibu: "Paka deksa. Mbili asubui, mbili mangaribi." Na mazungumuzo yanaisha pale. Sisi wa mwaka wa mwisho tunaona kwamba yanapashwa kuendelea, kwa sababu ile deksa, jina lake kamili deksametazoni, siyo vitamini na siyo chakula. Ni mufano wa homoni, uliotengenezwa na watu mu kiwanda, na hiyo homoni ina kazi moja ambayo muuzaji haitaje: inanyamazisha askari wa mwili.

Ili tusikilizane, tutazame kwanza hao askari. Mutu akikatwa na jembe ku muguu, kiisha saa chache pale pa kidonda panakuwa pekundu, pana moto, panavimba, panauma. Watu wengi wanafikiri ule uvimbe ni ugonjwa. Hapana, ni kazi. Mishipa midogo ya damu imefunguka, chembe nyeupe za damu zinatoka ndani yake na kuingia mu nyama ili kula wadudu walioingia pamoja na udongo. Zingine, zenye kuitwa limfositi, zinajifunza sura ya mududu na kutengeneza kingamwili, vitu vidogo sana vyenye kumushika, na zinamukumbuka kwa miaka mingi. Hata homa iko namna ile ile: chembe nyeupe zinatuma habari ku ubongo, na ubongo unapandisha joto la mwili. Kwa hiyo homa ni alama ya kwamba askari wameamuka. Tushike neno hilo, tutalirudilia.

Sasa homoni. Wazee wetu waliokaa mu makambi ya Union Minière, na kiisha ya Gécamines, wanajua sireni. Ilipolia, kambi nzima ilisikia, lakini si wote waliosimama: mama mwenye kupika bukari aliendelea kupika, na yule wa zamu ya saa ile njo alivaa viatu. Homoni ni vile. Tezi fulani inaitia mu damu, damu inaipeleka pote, lakini paka chembe zenye kuwa na mahali pa kuipokea njo zinatii. Na hii njo siri ya mambo yote tunayoandika hapa: karibu kila chembe nyeupe ya damu ina mahali pa kupokea homoni. Askari wa mwili wana masikio. Kwa muda murefu watu walifikiri kinga inajitegemea peke yake, sawa vile tumbo lingefanya kazi bila kujua moyo unafanya nini. Siyo kweli.

Homoni yenye kusikiwa zaidi na askari hao inaitwa kortizoli. Inatoka ku tezi mbili ndogo zenye kukaa juu ya mafigo sawa kofia. Tezi hizo hazijiamurii zenyewe: sehemu moja ya ubongo inatuma amri ku tezi ndogo yenye kuninginia chini ya ubongo, na hiyo nayo inatuma amri ku zile za juu ya mafigo. Wakati kortizoli imeshakuwa nyingi mu damu, ubongo unaiona na kupunguza amri. Kila siku inapanda asubui, karibu na saa ya kuamuka, na kushuka sana katikati ya usiku. Inapanda vilevile wakati mutu ana njaa, ana hofu, ameumia, ao ni mugonjwa sana. Kazi yake ni kuongeza sukari mu damu ili mwili upate nguvu upesi, na kuzuia askari wasizidishe.

Mutu atauliza: juu ya nini mwili uzuie askari wake mwenyewe? Katika inchi yetu hatuhitaji kwenda mbali kutafuta jibu. Mwaka 1991 askari waliokosa mushahara walipora Kinshasa, na kiisha Lubumbashi. Wazazi wetu walioona siku zile wanajua kwamba mwenye bunduki bila mwenye kumuzuia anaweza kubomoa nyumba aliyowekwa kuilinda. Chembe nyeupe zina silaha kali. Zikizidisha, zinaharibu maungo, mapafu, mafigo. Mu ugonjwa unaoitwa lupusi zinashambulia mwili wenyewe sawa vile ungekuwa adui. Kortizoli inaingia ndani ya chembe, inashikana na mahali pake pa kupokelewa, na pamoja vinafika mpaka ndani ya kiini, pale maagizo ya urithi yanapokaa. Huko inafunga kurasa fulani: amri ya kuita wenzake haiandikwe tena, amri ya kuvimbisha haiandikwe. Limfositi nyingi zinatoka mu damu na zingine zinakufa. Zile za kula wadudu zinabaki mu damu, zinatembea tu, hazitoke kwenda ku kidonda. Hapa kuna jambo la kushangaza wanafunzi wa maabara: ukihesabu chembe nyeupe za mutu mwenye kumeza deksa, unaweza kupata hesabu kubwa kuliko kawaida! Askari ni wengi mu barabara, lakini hakuna mwenye kwenda ku vita.

Namna watu walivyofahamu nguvu ya homoni hii ni habari nzuri, na inafaa kuisimulia. Mu Marekani, mu hospitali ya Mayo katika Rochester, kulikuwa munganga aliyeitwa Philip Hench, mwenye kutunza wagonjwa wa baridi yabisi kali, ule ugonjwa wa maungo kuvimba na vidole kupindika. Tangu mwaka 1929 aliona kwamba mugonjwa wa namna ile akipata manjano ya ini, maungo yake yanapoa. Aliona tena kwamba wanawake wagonjwa wakiwa na mimba wanapata nafuu, na kiisha kuzaa maumivu yanarudia. Akafikiri: basi mwili wenyewe una dawa fulani ndani yake. Mwenzake Edward Kendall alikuwa amekwisha kutoa vitu mbalimbali mu tezi za juu ya mafigo za ng'ombe. Mwezi wa tisa wa mwaka 1948 walimupa kimoja, kilichoitwa kiisha kortizoni, mwanamuke ambaye hakuweza karibu kutembea. Kiisha siku chache alitembea. Mwaka 1950 Hench na Kendall, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walipewa Zawadi ya Nobel. Lakini furaha ilipunguka upesi: wagonjwa waliopewa kwa muda murefu walipata uso wa mviringo sawa mwezi, ngozi nyembamba, mifupa minyonge, na magonjwa ya kuambukiza. Uso ule ule ambao leo watu wanaulipia franka mu soko, wanganga wa Mayo waliuandika mu daftari kuwa ni madhara ya dawa.

Deksametazoni ilitengenezwa karibu miaka kumi kiisha pale. Inapita kortizoli kwa nguvu mara 25 na zaidi. Tufanye hesabu kidogo, sisi watu wa hesabu: kidonge kidogo cha miligramu 0,5 kinakaribia kulingana na kortizoli yote ambayo mwili wa mutu mukubwa unatengeneza siku nzima. Yule yaya wetu wa "mbili asubui, mbili mangaribi" anameza basi kipimo cha siku ine kila siku, juu ya ile aliyopewa na Muumba. Na kortizoli ya mwili inashuka usiku, askari wanapata nafasi ya kufanya kazi. Deksa inakaa mu mwili kwa siku moja na nusu ao zaidi, haina usiku.

Hatutaki mutu aseme tunatukana dawa. Deksa ni dawa ya maana kabisa, pahali pake. Mwaka 2020, wakati wa korona, jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliowekwa ku mashini ya kupumua, deksa ilipunguza vifo kwa karibu sehemu moja juu ya tatu. Mapafu yao yalikuwa yanaunguzwa na askari wao wenyewe, na deksa ilizima ule moto. Lakini jaribio lile lile lilionyesha jambo la pili: wagonjwa wasiohitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Dawa ya kuzima moto haina kazi mu nyumba isiyoungua.

Tena kuna habari ya malariya, ugonjwa wetu wa kila siku. Mu malariya ya kupanda ku kichwa, ile ya kuzimia, wanganga walifikiri zamani kwamba ubongo umevimba na deksa itausaidia. Mwaka 1982 wakatangaza jaribio lililofanywa mu Thailand: wagonjwa waliopewa deksa walikawia zaidi kuamuka kuliko wale wasiopewa, na walipata matata mengi zaidi. Tangu pale iliachwa kwa ugonjwa ule. Lakini mu muji watu wanaendelea kuichanganya na dawa za homa, kwa sababu homa inashuka upesi na mugonjwa anasikia njaa. Homa imeshuka, ndiyo. Wadudu wa malariya hawajaguswa hata kimoja. Ni sawa mutu mwenye kukata sireni ya wezi na kusema wezi wamekwenda.

Wapenzi, si kortizoli peke yake yenye kusemezana na kinga. Homoni ya wanawake, estrojeni, inasaidia chembe za kutengeneza kingamwili; homoni ya wanaume, testosteroni, inazipunguza nguvu kidogo. Njo maana kwa chanjo nyingi wanawake wanatengeneza kingamwili nyingi kuliko wanaume, na njo maana vilevile ule ugonjwa wa lupusi unapata wanawake karibu tisa juu ya wagonjwa kumi. Kila faida na bei yake. Na wakati wa mimba homoni zinageuza kinga kwa namna ingine tena, kwa sababu mutoto ni nusu ya baba, na askari wa mama wangeweza kumuona sawa mugeni. Hapa Katanga tunaona wamama wa mimba ya kwanza wakishikwa na malariya kwa nguvu, hata wale waliokuwa wameizoea tangu utoto. Homoni siyo sababu peke yake: kondo la nyuma ni mahali papya ambapo mududu wa malariya anaweza kushikamana, na askari wa mama hawajajifunza sura yake ya pale. Ku mimba za kufuata wanakuwa wameijua. Njo sababu ku konsultasio ya mimba wanatoa vidonge vya kuzuia malariya na musikitere. Wenye dada nyumbani waambie.

Na sisi wanafunzi, tutazame Exetat. Mu Marekani, katika chuo kikuu cha Ohio, watafiti walipima damu ya wanafunzi wa udaktari wakati wa masomo ya kawaida na wakati wa mitihani. Wakati wa mitihani chembe fulani nyeupe, zile za kuua chembe zilizoingiliwa na virusi, zilifanya kazi kidogo zaidi. Kiisha, mwaka 1998, wengine walitangaza jambo rahisi zaidi: walikata kidonda kidogo mu kinywa cha wanafunzi 11 wakati wa likizo, na kingine wakati wa mitihani. Kile cha wakati wa mitihani kilikawia kupona siku tatu zaidi. Mwanafunzi mwenye kutoka vipele vya homa ku midomo juma la mitihani asiulize nani amemuloga. Virusi vile vilikuwa vimelala mu mishipa ya fahamu, na wasiwasi pamoja na kukosa usingizi vilipunguza walinzi. Lakini tuseme wazi: kortizoli ya hofu inapanda na kushuka. Usiku muzuri unaitengeneza. Ya deksa haishuke kama mutu anaendelea kumeza.

Basi ni magonjwa gani yanaingia? Ya kwanza ni yale yaliyokuwa ndani tangu zamani. Karibu mutu mumoja juu ya wane katika dunia alishaingiliwa na mududu wa kifua kikuu, na wengi wao hawataugua, kwa sababu chembe nyeupe zimemufungia sawa mufungwa mu gereza. Zikinyamazishwa kwa miezi, mufungwa anatoka. Inchi yetu iko kati ya zile 30 ambazo Shirika la Afya la Dunia linazihesabu kuwa na kifua kikuu kingi, basi hili siyo jambo la mbali. Ya pili ni munyoo mumoja mudogo wenye kuitwa strongiloidi. Unaingia ku ngozi ya muguu usio na kiatu, unakaa mu matumbo, na kwa namna yake ya kuzaana ndani ya mutu unaweza kukaa miaka mingi sana, mwenyewe hajui. Kinga inaushikilia usiongezeke. Deksa ikikuja, watoto wa munyoo wanakuwa maelfu, wanatoboa matumbo, wanabeba vijidudu vya mavi mpaka mu damu, mu mapafu, mu ubongo. Wagonjwa wengi wa namna hii wanakufa. Na kwa sababu askari wamelala, mara ingine hakuna hata homa ya kuonya. Tulisema tushike lile neno juu ya homa: njo hapa linahitajika. Mutu mwenye kunenepa, mwenye mashavu, asiye na homa, anaweza kuwa mugonjwa sana, na watu wa nyumba wanasema "iko muzima kabisa".

Mu Kinshasa watafiti walishaandika juu ya wanawake wenye kumeza siproheptadini na dawa zingine ili wanenepe. Hiyo siproheptadini siyo homoni, ni dawa ya mzio yenye kuleta njaa na usingizi, lakini watu wanaichanganya na deksa bila kujua tofauti. Na ule unene wa deksa wenyewe ni wa namna gani? Mafuta yanahamia ku uso, ku shingo na ku tumbo, pamoja na maji. Mikono na miguu inapoteza nyama. Sukari ya damu inapanda, mupigo wa damu unapanda. (Hatusemi kwamba kila mwenye uso wa mviringo anameza deksa! Wengine walizaliwa hivyo, na tunawaomba wenzetu wasianze kuhesabu mashavu mu kalasi.)

Mafuta ya kugeuza rangi ni ndugu wa deksa. Mengi yana klobetazoli, mufano mwingine wa homoni ile ile, na wenye nguvu kupita yote inayopakwa ku ngozi. Munganga anaiandika kwa eneo dogo na kwa majuma machache. Mutu mwenye kujipaka mwili muzima, asubui na mangaribi, mwaka muzima, anaiingiza mu damu. Askari wa ngozi wanalala, basi baka na vipele vinaenea, na mutu anaongeza mafuta ili kuvificha. Ngozi inakuwa nyembamba sawa karatasi, inapata mistari, na siku ya kushonwa, hata kwa kuzaa, uzi haushike vizuri na kidonda kinakawia. Wahubiri walishasema mengi juu ya mwili kuwa hekalu, hatutarudilia; sisi tunasema tu juu ya uzi wa munganga.

Tunamalizia na jambo ambalo tunaomba lisomwe mara mbili. Ule mutu mwenye kusoma hii karatasi na kusema "basi leo ninaitupa yote" anaweza kujiua. Tulieleza kwamba ubongo ukiona homoni nyingi mu damu unapunguza amri. Kiisha majuma matatu ao zaidi ya deksa, tezi za juu ya mafigo zinaweza kulala, na zinaweza kuchukua miezi kuamuka. Mwenye kuacha ghafula anabaki bila ya kiwanda na bila ya mwili: anachoka kabisa, anatapika, mupigo wa damu unaanguka, na malariya ndogo ao ajali inatosha kumumaliza. Vilevile mwenye pumu, ao mwenye kupewa prednizoloni ku hospitali kwa ugonjwa wake, asiache kwa sababu ya maneno yetu. Yeye yuko chini ya munganga, kipimo chake kinajulikana.

Mwenye kumeza kwa siri aende ku hospitali ao ku santre de sante na plaketi yenyewe mu mukono, hata kama anasikia haya, ili wasome jina na miligramu. Watapunguza pole pole, pengine kwa majuma, pengine kwa miezi. Kabla ya kuacha wanaweza kumupima mavi juu ya strongiloidi, na makohozi kama anakohoa. Na katika mwaka ule wote, akipata ajali, ao homa kali, ao kama watamufanyia operesheni, neno la kwanza la kumwambia munganga ni hili: nilikunywa deksa, tangu mwezi fulani mpaka mwezi fulani.